Ua la Mvua na Slasha ya Mayi

Ninyi vijana mnaopita hapa Kanduyi simu mmeziinua juu, midomo mmeibinua, mkijipiga picha huku mnatembea, msifikiri nawacheka. Nawacheka kidogo tu. Mimi Wanyonyi nimepiga picha miaka arobaini na ushei. Nimewapiga baba zenu wakiwa bado na nywele, na sasa nimekaa nyumbani na magoti yangu mabovu nikinywa chai. Mjukuu wangu Nafula, anayeniita Kuka, yaani babu, ndiye aliyeniambia, "Kuka, si uandike hayo mambo unatuambianga kila siku? Utasahau bana." Nikamwambia nikisahau mtapumzika. Lakini daftari alilonunua ni zuri, na mvua inanyesha, kwa hivyo nimeanza.

Mkiingia sebuleni kwangu mtaona picha moja tu ukutani. Ni mama mzee, kichwa wazi bila kitambaa, ameshika slasha, ile ya kufyekea nyasi, mkono mmoja na kwa mkono mwingine ananyoosha kitu, anacheka mpaka macho yamefunga. Mkono wa gauni lake umejaa nyuzi nyekundu. Huyo ni mama yangu, Mayi ndivyo tulivyomwita. Wageni huniuliza, "Mzee, fundi mzima wa picha, na umetundika hii tu?" Ndiyo hii tu. Nusura nisiipige, maana siku hiyo nilikuwa nimekasirika sana, na nilichokuwa natafuta kilikuwa ua.

Ngoja nianze mbali kidogo, mtanivumilia.

Kazi nilifundishwa Kitale na Mzee Abdalla. Studio yake ilikuwa karibu na msikiti, ukutani kwa fundi cherehani, na asubuhi ulisikia ile cherehani ikilia kabla hujafungua mlango. Mzee Abdalla alikuwa na sheria moja: mtu asitoke kwenye picha jinsi alivyoingia studio. Ulikuja na vumbi, unapakwa mafuta ya kujipaka usoni na kwenye viatu, kopo ni lile lile. Kitana kilifungwa kwa kamba ukutani. Kulikuwa na tai moja, na koti moja la kijivu ambalo mgongoni lilikuwa limepasuliwa toka juu hadi chini, ili limtoshe mwembamba na mnene. Ukishavaa, tulikubana nyuma kwa vibanio vya nguo. Mkiangalia albamu za nyumbani kwenu, wanaume wengi wa rika langu wako ndani ya koti hilo. Mbele yao kuna maua ya plastiki, mawaridi, ambayo niliyaosha kwa sabuni kila Ijumaa kabla Mzee hajaenda kuswali.

Siku moja nikampiga bwana arusi wakati amegeuka kumwangalia mke wake. Lo! Ilikuwa picha tamu. Jamaa alikuwa anamtazama bibi arusi kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa juani. Ila vibanio vitano vilikuwa vimejipanga mgongoni mwake, vyekundu na vya kijani. Mzee Abdalla akaitazama muda mrefu, akavua miwani, akaniambia, "Wanyonyi, umepiga ukweli. Nani amekutuma?" Akaipasua. Nilijifunza siku hiyo, na nikawa fundi hodari wa kusafisha watu. Mwaka hadi mwaka nilikuwa nasafisha tu.

Baadaye sana, Mzee Abdalla akiwa amezeeka na mimi ndiye ninayesukuma studio, akaja Madam Haruko.

Madam Haruko alikuwa Mjapani, mama wa makamo, mdogo wa mwili, aliyekuja kujitolea kufundisha biolojia katika shule moja nje ya Kitale. Watoto barabarani walimwita "Mchina! Mchina!" naye husimamisha pikipiki yake, anavua helmeti, anawasomesha ramani ya dunia papo hapo. Kiswahili alikisomea kwenye kitabu, kwa hivyo alikizungumza vizuri kuliko sisi wote, na hilo lilituudhi kidogo.

Wakati huo simu za kubonyeza zilikuwa zimeshafika, lakini yeye alibaki na kamera ya filamu. Akaniletea filamu niioshe. Nilipoitoa kwenye dawa nikaitazama kwenye taa, moyo ukaruka. Picha thelathini na sita na hakuna mtu hata mmoja! Ni majani, nyasi, ua limekunjamana, jani limeliwa na viwavi. Nikamkimbilia Mzee Abdalla. "Mzee, kamera ya Madam imejifyatua ndani ya mfuko."

Mzee akatazama. "Imejifyatua mara thelathini na sita?"

Madam alipokuja nikamwomba msamaha, nikamwambia ajaribu filamu nyingine bure. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, akacheka tena, kisha akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Ndivyo nilivyoanza kupiga picha za mimea, na ndivyo mtaa mzima ulivyoanza kuniona nimebebwa nyuma ya pikipiki na mwanamke, helmeti imenibana masikio. Walisema waliyosema.

Jumamosi ile ya kwanza alinipeleka kwenye shamba la mahindi la mtu, alfajiri kumeshapambazuka, umande umejaa. Akapiga magoti mbele ya lile gugu laini la ua la buluu, lile dogo lenye petali mbili kama masikio ya panya, ambalo ukiling'oa ukilitupa pembeni linaota pale pale ulipolitupa. Mnalijua. Kila mtu aliyepalilia mahindi analijua na analichukia. Mimi naitwa Wanyonyi, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa palizi, na mama yangu aliniambia nusura anizalie shambani akiwa anang'oa kitu hicho hicho.

Basi nikafanya kazi niliyofundishwa. Nikachuma yale maua yaliyosinyaa. Jani lililotoboka nikalikata. Nikatoa kitambaa nikapangusa matope, nikajaza maji mdomoni nikayapuliza juu yake kama mpiga pasi. Lilimetameta! Nikageuka nikimngojea anisifu.

Madam alikuwa ameketi chini, mikono mapajani. "Bwana Wanyonyi," akasema polepole, "umeondoa jana yake."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwao kuna ndugu wa mmea huu, na wanauita nyasi ya umande. Ua lake linafunguka asubuhi, na kufikia saa sita limeyeyuka, halifunguki tena kamwe. Akasema kwao kuna miti inayochanua kwa wiki moja hivi kisha maua yote yanaanguka, na watu huchukua chakula wakaenda kukaa chini yake, wazee kwa watoto, wakitazama. Siku wanayoipenda zaidi wengi wao ni ile ya kuanguka. Lina neno lake jambo hilo, kule kupendezwa na kitu kwa sababu kinaondoka huku unakitazama. Alinitamkia mara tatu na ulimi wangu ukakataa mara tatu.

"Sasa tutafanya nini?" nikauliza.

"Tutangoja liishe."

Tukangoja. Njaa inaniuma, jua linapanda. Mwenye shamba akatokea na jembe begani, akasimama.

"Mnangoja nini hapa, jamani?"

"Tunangoja hili ua linyauke," nikamwambia. Aibu ilinijaa.

Akaliangalia gugu, akaniangalia mimi. "Nipeni dakika mbili nitawasaidia."

Lakini niwaambie ukweli, lilipoanza kujikunja nililiona. Nilikuwa nimeishi na gugu hilo maisha yangu yote na sikuwahi kuliona likifunga. Linajikunja kwa ndani, polepole, linakuwa tone la maji ya buluu. Nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye matope, nimebana pumzi, na nilifurahi mno, sijui kwa nini. Nilirudi studio nikiwa mchafu kama fuko, na Mzee Abdalla akaninyooshea kile kitana cha ukutani.

Kwa wale wanaotaka kujaribu kazi hii, chukueni haya machache. Ukipiga magoti weka gunia chini, la sivyo utakuja kuwa kama mimi. Upepo huwa unapumzika. Usipigane nao, hesabu pumzi zako nane, kumi, wenyewe utapumzika tu. Ukishindwa, egemeza kipande cha katoni upande upepo unakotoka. Flashi achana nayo, inalifanya ua liwe na uso wa mtu aliyekamatwa. Jua likiwa kali mwombe mtu asimame akutilie kivuli, na umshukuru kwa jina. Usipige ua peke yake kama pasipoti. Piga na jani, na shina, na mdudu anayelila. Na urudi. Mmea mmoja mara tatu ni afadhali kuliko mimea mitatu mara moja. Sisi tulikuwa na filamu ya picha thelathini na sita na tulihesabu. Ninyi mnapiga mia tatu za chapati.

Na ombeni ruhusa, hata kwa nyasi. Hili nilijifunza Lwakhakha. Tulienda huko kupiga murembe, ule mti wenye miiba ambao hudondosha majani yote kwanza, kisha unachanua mwekundu mtupu. Ulikuwa kando ya barabara karibu na mpaka wa Uganda, na chini yake akina mama wanauza nyanya na dagaa wa omena. Madam hakutaka mti. Alitaka chini, petali zilizoanguka kwenye vumbi na nyanya katikati yake. Nikafungua stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, nikainamia ardhi. Kwisha habari yetu! Dakika tano tu watu wamejaa. Kwani mtu mwenye miguu mitatu ya chuma kando ya barabara anakuja kufanya nini, kama si kupima barabara na kubomoa vibanda?

"Nyinyi ni wa serikali?" akaniuliza mwenye kibanda cha sabuni.

"Hapana, tunapiga picha ya maua."

"Ati maua! Maua yako juu, wewe unaangalia chini!" Watu wakacheka kwa hasira. Akaninong'oneza, "Sasa sikia, kama ni barabara, si muipitishe upande ule mwingine? Yule mwenye kibanda cha huko ana nyumba ingine Uganda."

Ilibidi akina mama wa nyanya watutetee. Mmoja mkubwa wa mwili akasimama, akapiga makofi, akawaambia wote watulie, huyu Mchina anataka maua yaliyoanguka na kama kuna mtu anayataka zaidi yake ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza. Madam akamshukuru, akamwambia yeye ni Mjapani. Mama akamjibu hata yeye si wa Lwakhakha, ni wa Chwele, lakini watu wanamwita wa Lwakhakha na hajafa.

Sasa nije kwa lile ua.

Nyumbani kwetu ni Ndalu. Kwenye ua wa boma la Mayi, pembeni karibu na jikoni, kulikuwa na kitu kilichoota kila mwaka mvua ya kwanza ikishapiga. Mwaka mzima hakuna kitu hapo, ni udongo. Mvua ikinyesha siku chache, shina linapenya peke yake, halina hata jani, na juu linafunguka duara jekundu la nyuzi tupu, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mbuzi hawaligusi. Siku kama kumi limepauka, limelala. Mayi aliliita ua la mvua, na sisi watoto tulilipiga mateke.

Nilimsimulia Madam, akashika daftari. Analijua hilo, ameliona kwenye vitabu, hajawahi kulikuta limefunguka. Mwaka wake wa kwanza mvua ilimkuta Nairobi kwenye mkutano. Mwaka wa pili nilimpeleka na tulikuta limeshalala, limegeuka rangi ya chai. Alipiga picha hiyo hiyo, alisema ni nzuri, lakini niliona alivyomeza mate. Mwaka wa tatu ulikuwa wake wa mwisho. Mkataba umekwisha, ndege ni Jumapili, na mvua imechelewa. Kila asubuhi alikuwa anapita studio, haulizi, anaangalia mbingu tu upande wa Mlima Elgon, anasema "Habari za asubuhi," anaenda zake. Nilitamani sana alione. Huyu mama alinifungua macho uzeeni, na mimi zawadi nyingine ya kumpa sikuwa nayo.

Mvua ikanyesha. Jumatano Mayi akanipigia kwa simu ya jirani, anapiga kelele kama kwamba Kitale naweza kumsikia bila simu, ananiita papa kama mama zetu wanavyowaita wana wao. "Papa! Lile ua lako limetoka! Yako matatu!"

Nilipiga ngumi hewani. Nikamwambia, "Mayi, Ijumaa asubuhi nakuja na Madam. Mjapani mwenyewe, anakuja kupiga picha hapo nyumbani. Mjiandae."

Mjiandae. Hapo ndipo nilipoharibu, na fundi wa miaka mingi alipaswa kujua. Unamwambia mama wa Kibukusu mgeni anatoka ng'ambo, anakuja na kamera, mjiandae. Unategemea nini?

Ijumaa tukafika saa moja na nusu, Madam anaendesha kama amefukuzwa. Hata kabla pikipiki haijazima nikaanza kuona. Ua wa boma ulikuwa umefagiwa. Si kufagiwa kwa kawaida, umefagiwa kwa ufagio wa matawi toka langoni hadi jikoni, mistari imepinda pamoja, hakuna alama ya mguu. Kuta zimepakwa udongo mpya. Sakafu imepakwa samadi ya ng'ombe, bado inanuka mbichi. Kuku wa mgeni ameshafungwa mguu mlangoni. Nyasi zote za pembeni zimefyekwa hadi chini, safi kama kichwa kilichonyolewa. Na mbele ya nyumba kuna meza, na juu ya meza kuna kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna chupa ya maua ya plastiki. Mawaridi. Mimi mwenyewe nilimpelekea kutoka studio.

Mayi akatokea nyuma ya jikoni na slasha, gauni la kazi, kichwa wazi, bado anamalizia kona. "Mulembe, mulembe! Karibuni! Mmekuja mapema, sijabadilisha nguo!"

"Mayi," nikasema, "ua liko wapi?"

"Lipi?"

"Ua la mvua!"

Akaangalia kona, akaangalia slasha. "Lile? Si ni gugu, papa. Mgeni anakuja, niache gugu mlangoni?"

Vijana, nilimpandishia mama yangu sauti. Mwanamume mwenye mvi, mbele ya mgeni, nilimfokea mama aliyeamka usiku akifagia kwa heshima yangu. Nilimwambia ameniaibisha. Nilimwambia huyu Madam amengoja miaka mitatu na Jumapili anaondoka, na yeye amekata. Kila nikikumbuka, uso unaniwaka moto hadi leo. Mayi alisimama tu na slasha yake, na ile furaha ya kupokea mgeni ikamtoka usoni.

Nikageuka nimwombe Madam msamaha. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa amevua viatu vyake pale langoni, amesimama kwenye ukingo wa ule ua uliofagiwa, haukanyagi.

"Nani amefagia hivi?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Mayi, sasa kwa woga.

Madam akamwinamia, ile kuinama kwao hadi kiunoni. Akasema kwao kuna mahekalu ambapo watu huchora mchanga kwa reki asubuhi, mistari kama hii hii, na wageni huketi pembeni wakiitazama kutwa bila kukanyaga. Akasema hakutegemea kuikuta Ndalu. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Nilimtafsiria Mayi kwa Kibukusu, maana Kiswahili cha kitabuni cha Madam kilimpita.

Mayi akasikiliza, akafikiri. "Ati wanakaa tu wakiangalia kumefagiwa?"

"Ndiyo, Mayi."

"Na kazi wanafanya saa ngapi?"

Madam akaziba mdomo kwa kiganja. Mayi naye akaanza. Mnamjua mama mzee wa kwetu akianza kucheka, anaanzia tumboni, mabega yanafuata. Akakimbia nyuma ya jikoni pale alipotupa takataka, akafukua fukua, akarudi ameshika kile kichwa chekundu cha ua, kimoja kilichobaki kizima, nyuzi zimemganda gauni zima. Akamnyooshea Madam, slasha bado mkononi, anacheka mpaka macho yamefunga. "Mwambie achukue! Nimeshamchumia!"

"Bwana Wanyonyi," akasema Madam polepole. "Kamera."

Na mimi, mjinga, nikasema, "Bado. Hajawa tayari. Ngoja avae nguo ya kanisa."

Mayi mwenyewe akasema, "Eeh, ngojeni nivae!" Akawa anageuka.

Nilisikia ile sauti ya Mzee Abdalla kichwani, umepiga ukweli, nani amekutuma. Hakuna aliyenituma. Nikainua kamera nikapiga. Mara moja tu, kisha akawa ameshaingia ndani.

Alitoka na gauni la kanisa la zambarau, kitambaa kichwani, akaketi kwenye meza nyuma ya mawaridi ya plastiki, mikono magotini, mdomo ameufunga kabisa kama alivyofundishwa na mimi. Nikapiga na hiyo. Ndiyo alitaka, na mgeni amekuja na kamera. Madam akalichukua lile ua lililokatwa akaliweka juu ya mistari ya ufagio, peke yake, akalala chini. Alitumia filamu nzima. Kisha tukala kuku, na nikamwomba Mayi msamaha tukiwa jikoni sisi wawili. Akaniambia nimshikie sufuria.

Nilipomletea picha zote mbili, ile ya slasha aliirudisha haraka. "Unanianika hivi kwa watu? Kichwa wazi?" Nikaiweka kwenye bahasha. Ikapita miaka. Siku moja akiwa mgonjwa kidogo, nimekaa naye, akaniuliza, "Ile ya takataka iko wapi?" Nilikuwa nayo mfukoni mwa koti, huwa natembea nayo. Akaishika karibu na dirisha muda mrefu.

"Kumbe huwa nacheka hivi," akasema. Akaigeuza, akaiangalia nyuma kama kwamba kuna zaidi, akanirudishia. "Weka kwako. Ile ya zambarau ndiyo ya watu."

Tulipomzika ndiyo tuliyoibeba mbele, ya zambarau, kama alivyotaka. Nyingine ndiyo mnayoiona ukutani kwangu. Madam alituma yake kutoka Japani, ua jekundu juu ya mistari ya ufagio, na nyuma ameandika kwa Kiswahili chake kizuri, "Asante kwa aliyefagia." Nilimpelekea Mzee Abdalla aione kabla macho hayajamwacha. Aliuliza kwa nini ua limelala chini na hakuna aliyeliinua, kisha akaiomba akae nayo wiki moja.

Slasha haikuua kitu, mjue. Ua lile lina kitunguu chake chini udongoni, huwezi kulifikia kwa kufyeka. Kila mwaka mvua ikishapiga naenda Ndalu na gunia langu la magoti, na ninalikuta pale pale kona ya jikoni, limepenya peke yake. Siku hizi yako saba. Nalipiga likiwa limefunguka na likiwa limelala, kisha nakaa kwenye kigoda cha Mayi nikiwa nimeridhika sana.

Shemeji yangu, mke wa ndugu yangu anayekaa hapo sasa, hugombana nami kila mara. Anatoka jikoni anafuta mikono, anaona nyasi zimesimama na ua wa boma haujafagiwa, anaona aibu. "Shemeji na wewe! Si ungepiga simu, tujiandae?"

Namwambia simu yangu haikuwa na chaji. Huu ni mwaka wa tisa haina chaji.